Mdoli wa Sabasaba na sura ya jalada: mamodo walikwenda wapi?

Kuna saluni moja maeneo ya Majengo, hapa Dodoma, ambayo ukuta wake mmoja umebandikwa majalada ya majarida ya mitindo kutoka usawa wa kioo hadi darini. Mwenye saluni aliyapata kidogo kidogo, mengine kwa mzungu wa mradi aliyekuwa anahama, mengine kwa wauza vitabu vya mtumba, na kila jarida likichakaa hulichana jalada akalibandika. Ya zamani yako kushoto, ya karibuni yako kulia. Hakupanga hivyo, nafasi iliisha kushoto kwanza.

Jumamosi moja nilimsindikiza dada yangu kusuka, na katika kule kusubiri ukazuka ubishi. Mama mmoja aliyekuwa na dawa kichwani alinyoosha kidole ukutani. "Hawa wa upande huu simjui hata mmoja. Wa upande ule nawajua karibu wote. Huyu mwimbaji, huyu wa filamu, yule mke wa rais. Sasa mamodo walikwenda wapi?"

Majibu yalikuja mbiombio. Msusi mmoja alisema ni Instagramu iliyowamaliza. Mwenzake akasema mastaa wananunua ile nafasi. Dada aliyekuwa anapakwa rangi ya kucha akapinga: staa ndiye anayelipwa, tena mamilioni, na nguo anaondoka nazo. Mama mwenye dawa akanigeukia mimi, kwa kuwa dada yangu alishamnong'oneza kwamba huwa naandika magazetini. Nikasema jambo hili lina mlolongo. "Basi tueleze mwanangu," akasema, "dawa bado dakika ishirini." Dakika ishirini hazikutosha.

Tuanze na maneno, maana nusu ya ubishi ule ulitokana na neno moja. "Mwanamitindo" kwa Kiswahili chetu cha redioni hubeba watu wawili. Leo utasikia mwanamitindo fulani kazindua nguo zake mpya. Kesho utasikia mwanamitindo mwingine kapita jukwaani. Wa kwanza anabuni nguo, wa pili anaivaa ili wengine waione. Humu nitamwita wa kwanza mbunifu na wa pili modo, kama wanavyoitwa mtaani. Modo hulipwa kwa kuvaa nguo isiyo yake mbele ya kamera au jukwaani, kisha huivua akaenda zake. Mrembo ni mwingine: huyo kaingia kwenye shindano, kavishwa taji na mkanda begani, na baadaye anaweza kugeuka modo au asigeuke. Staa ni mtu uliyemjua kwa jambo jingine kabla hujajua anavaa nini: wimbo, filamu, mpira, siasa, au hata vituko tu. Na jalada, au kava, ni ule ukurasa wa juu kabisa wa jarida, unaouona kabla hujatoa hela.

Shika hayo maneno ya mwisho, kabla hujatoa hela. Mengine yote yanaanzia hapo.

Nenda soko la mitumba la Sabasaba, hapahapa Dodoma, asubuhi, belo likiwa limefunguliwa. Nguo za kawaida humwagwa kwenye turubai, watu wakainama kuchambua. Nguo kali hutundikwa kwenye henga. Halafu kuna ile moja ambayo muuzaji anaiamini kuliko zote. Hiyo humvalisha mdoli na kumsimamisha pembeni ya njia. Midoli mingine haina hata kichwa. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza jina la mdoli. Kazi yake ni kukupunguzia mwendo. Ukishalitazama shati, kamaliza.

Sasa chukulia kibanda cha jirani hakina mdoli. Kina picha kubwa ya mwimbaji anayejulikana, kavaa shati la aina ileile. Utasimama pia, ila kwa sababu nyingine: umeona mtu unayemjua. Utamtazama yeye kwanza, shati baadaye, na huenda ukalilipia huku bado unamfikiria yeye. Mdoli anasema "tazama nguo". Picha inasema "tazama nani kaivaa". Jalada la jarida la mitindo lilihama kutoka kibanda cha kwanza kwenda cha pili, na uhamaji huo ulichukua kama miaka kumi hivi, kuanzia mwisho wa miaka ya 1980.

Kabla ya hapo mambo yalikuwaje? Jarida la Vogue lilianza New York mwaka 1892. Kwa miongo kadhaa majalada yake yalichorwa kwa mkono, na mwanamke aliyechorwa mara nyingi hakuwa mtu fulani. Alikuwa umbo la kuvalishia kofia. Julai 1932 likatoka na jalada lake la kwanza la picha ya rangi, kazi ya mpiga picha Edward Steichen: mwanamke kavaa nguo nyekundu ya kuogelea, kashika mpira wa ufukweni. Kamera ilipochukua nafasi ya brashi, lile umbo likahitaji mwili wa mtu kweli, na kazi ya modo ikapanda thamani.

Siku hizo njia ilikuwa inakwenda upande wa pili. Machi 1943 jarida la Harper's Bazaar liliweka kwenye jalada msichana wa miaka 18, modo asiyejulikana, kasimama mbele ya mlango wa ofisi ya Msalaba Mwekundu ya kuchangia damu. Mke wa mwongozaji filamu Howard Hawks akaiona ile picha, akamwonyesha mumewe. Mwaka uliofuata yule msichana alikuwa kwenye filamu yake ya kwanza, na dunia ikamjua kwa jina la Lauren Bacall. Jalada lilimtoa mtu gizani likamfanya staa. Siku hizi anayetakiwa kuliokoa jalada ni staa.

Sisemi kwamba watu maarufu hawakuwahi kukaa juu ya majarida ya mitindo zamani. Waigizaji na wake za matajiri walipita mmoja mmoja. Lakini walikuwa wageni, wenye nyumba walikuwa mamodo.

Mdoli alipopata jina

Mkasa wenyewe una kejeli ndani yake. Kabla mamodo hawajaondolewa, kwanza walikuwa mastaa wenyewe. Januari 1990 Vogue ya Uingereza, toleo dada la ile ya New York, ilitoka na jalada la wanawake watano waliopigwa picha na Peter Lindbergh mtaani New York: Naomi Campbell, Linda Evangelista, Tatjana Patitz, Christy Turlington na Cindy Crawford. Hakuna mwimbaji pale, hakuna mwigizaji. Walikuwa mamodo watupu, na watu waliwajua kwa majina ya kwanza kama sisi tunavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga. Mwaka huohuo Evangelista alitamka maneno ambayo hayajamwacha hadi leo, kwamba wao hawaamki kitandani kwa chini ya dola 10,000 kwa siku.

Fikiria uko Sabasaba na mdoli wako kaanza kudai posho. Zaidi ya posho, wateja wanakuja kumtazama yeye na shati hawalioni. Ndani ya miaka michache nyumba nyingi za mitindo, yaani kampuni za wabunifu wakubwa, zikaanza kuchukua sura mpya, wasichana wembamba, wakimya, waliobadilishwa msimu hadi msimu kiasi kwamba mtu wa kawaida hawezi kumkumbuka hata mmoja. Nguo ikarudi kuwa mwenye shughuli. Kwa mbunifu ilikuwa nafuu, lakini kwa mhariri wa jarida ilikuwa balaa, kwa sababu modo asiyejulikana hamsimamishi mpita njia. Nadhani hapa ndipo tasnia ya mitindo ilipojifungia mlango kwa mkono wake. Watu humlaumu mwimbaji Madonna, wakati wabunifu walikuwa tayari wameshawavua mamodo majina.

Madonna nimemtaja kwa sababu. Anna Wintour alichukua uhariri wa Vogue ya Marekani mwaka 1988, na jalada lake la kwanza, la Novemba mwaka huo, lilikuwa bado la modo: Michaela Bercu, kavaa jinzi na koti la bei mbaya la mbunifu Christian Lacroix. Lakini Mei 1989 akamweka Madonna. Wintour amewahi kusimulia kwamba wazo lilitoka kwenye ndege, alipokaa karibu na mwanamume aliyekuwa akilisifia jarida lake kwamba ni la heshima na haliwezi kamwe kumweka mtu kama Madonna. Akatua na dhamira ya kumweka. Mwaka 1994 likaja jarida jipya kabisa, InStyle, lililojengwa juu ya wazo moja: mitindo kupitia watu mashuhuri. Halafu ukafika 1998. Vogue ilianza mwaka ule Januari na kundi la waimbaji la Spice Girls, Oktoba ikamweka mtangazaji wa televisheni Oprah Winfrey, Desemba Hillary Clinton, wa kwanza kati ya wake za marais wa Marekani kukaa kwenye jalada lake. Baada ya hapo, mastaa ndio waliokuwa kanuni na modo akawa tukio.

Kwa hiyo, dada msusi, Instagramu haimo. Instagramu ilizinduliwa mwaka 2010. Ilikuta msiba umeshazikwa, ikashiriki matanga.

Meza ya magazeti pale Jamatini

Kuelewa kwa nini wahariri hawakurudi nyuma, simama asubuhi kwenye meza ya magazeti pale Jamatini. Utaona watu kumi wamejipanga, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari bila kununua. Muuza magazeti hawafukuzi, anajua kati ya hao kumi wawili watashindwa kujizuia. Ukurasa wa mbele umetengenezwa kwa ajili ya hao wawili.

Majarida ya Marekani yana wasomaji wa aina mbili. Kuna waliolipia mwaka mzima, jarida linawafuata kwa posta. Hao hata ukiweka picha ya mbuzi juu, litafika tu. Na kuna wale wa kwenye meza, wa uwanja wa ndege na foleni ya supamaketi, ambao kila toleo linabidi liwashawishi upya. Mchapishaji anapata hesabu ya mauzo ya mezani toleo kwa toleo, na kwa kuwa kinachobadilika sana mezani ni sura ya juu, hesabu ile inageuka mtihani wa sura. Nani kauza, nani kalala. Ukishakuwa na daftari la namna hiyo mkononi, mapenzi yako kwa modo mpya mwenye shingo nzuri hayakusaidii mbele ya bosi.

Lakini pesa kubwa haitoki kwa msomaji, inatoka kwenye matangazo. Toleo la Vogue la Septemba 2007 lilikuwa na kurasa 840, na sehemu kubwa ya kurasa hizo zilikuwa za matangazo. (Septemba kwao ni kama wiki mbili kabla ya Idi au Krismasi kwa mafundi wetu: baridi inaanza, watu wanabadilisha kabati.) Kampuni inayonunua tangazo inataka kuhakikishiwa kwamba jarida litaonwa, litazungumzwa, litatajwa kwenye televisheni. Staa anakuja na uhakika huo mfukoni.

Na hapa tunaingia kwenye lile la nani anamlipa nani, ambalo ndilo lililotoa povu saluni.

Kwa kawaida staa halipwi mamilioni kukaa kwenye jalada. Wala halinunui. Ni kubadilishana. Staa ana filamu inayotoka mwezi fulani, au albamu, au kitabu. Kampuni ya filamu inataka aonekane mwezi huohuo. Jarida linataka sura. Watu wa staa na watu wa jarida wanakaa, wanapanga tarehe, mpiga picha, wakati mwingine hata maswali. Ndiyo maana ukitazama tarehe ya jalada na tarehe ya filamu, mara nyingi zimeketi jirani. Kuna na mtu wa tatu mezani: nyumba ya mitindo au ya vipodozi ambayo staa ni balozi wake. Kama ana mkataba na nyumba fulani, usishangae gauni la jalada likitoka humohumo.

Mfano wa karibu nasi ni Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya. Machi 2014 alishinda tuzo ya Oscar. Mwezi uliofuata kampuni ya vipodozi ya Lancôme ikamtangaza kuwa balozi wake. Julai akawa kwenye jalada la Vogue. Wakapitwa watu wengi ambao ajira yao ni kukaa kwenye jalada, akaingia mtu ambaye ajira yake ni kuigiza. Sisi wa Afrika Mashariki tulishangilia, na mimi nilishangilia pia. Lakini mpangilio wa miezi ile unakuonyesha mtambo ulivyo.

Nguo nazo hazibaki kwa staa. Ile nguo ya jalada mara nyingi ni sampuli: nguo iliyoshonwa moja au chache kabla ya kuingia madukani, inaazimwa, inapigwa picha, inarudi. Sampuli hushonwa kwa saizi moja, ndogo, ya modo. Hapo ndipo mastaa wengi walipoonja joto ya jiwe. Kabla ya jalada la 1998, Oprah alishauriwa na Wintour apunguze uzito, na Wintour mwenyewe alilieleza hilo kwenye televisheni miaka kumi na moja baadaye. Staa kapewa kiti cha modo, na bado katakiwa kukaa kama modo. Wanaosema mastaa walileta miili ya kila aina kwenye jalada wana nusu ya haki tu, na nusu hiyo ilichelewa sana kufika.

Ngazi iliyoondolewa

Sasa lile lililomkera zaidi mama mwenye dawa: je, mamodo walifukuzwa kazi?

Watu hudhani modo aliyekuwa anakaa kwenye jalada alikuwa anapata hela nyingi kwa jalada lenyewe. Hapana. Picha za ndani na za jalada, zile zinazopigwa kwa ajili ya jarida, malipo yake yamekuwa madogo siku zote ukilinganisha na matangazo. Modo alikubali kwa sababu jalada lilikuwa ngazi. Ukikaa juu ya Vogue, kampuni za manukato na vipodozi zinakuona, na huko ndiko mikataba ya miaka mingi iliko. Ni kama mpiga ngoma ya muheme wa Kigogo anayecheza bure kwenye sherehe ya mkubwa fulani, akijua kuna watu kumi pale watakaomwita harusini. Sherehe haikumlipa, lakini bila sherehe hakuna harusi.

Mastaa walipochukua jalada, ngazi ikaondoka, na kule juu nako wakakaa wao. Mwaka 2004 Nicole Kidman alikuwa sura ya manukato ya Chanel No. 5, na mwaka huohuo Charlize Theron akaanza na manukato ya J'adore ya Dior. Kidman ni mwigizaji. Theron aliwahi kuwa modo akiwa msichana, kisha akawa mwigizaji, na ni uigizaji uliomfikisha kwenye chupa ile. Njia aliyopita Bacall mwaka 1943 imepinduliwa: ukitaka kazi kubwa kabisa ya modo, kwanza uwe kitu kingine.

Kilichobaki kwa modo asiye na jina ni kingi kwa idadi na kidogo kwa utukufu. Jukwaani bado yupo, kwa sababu nguo sitini haziwezi kuvaliwa na mastaa sitini. Katalogi zipo. Na maduka ya mtandaoni yanahitaji picha maelfu kwa maelfu, kila blauzi mbele, nyuma na ubavuni. Nyingi ya picha hizo zimekatwa kidevuni. Mdoli wa Sabasaba asiye na kichwa karudi, safari hii akiwa anapumua.

Kuna upande wa jambo hili ambao haunipi jibu rahisi. Enzi za mamodo, sura nyeusi kwenye jalada ilikuwa adimu mno. Donyale Luna alikaa kwenye Vogue ya Uingereza mwaka 1966, Beverly Johnson kwenye ya Marekani Agosti 1974, na kati ya matukio ya namna hiyo kulikuwa na ukame mrefu. Alek Wek kutoka Sudan Kusini alipokaa kwenye jalada la Elle ya Marekani Novemba 1997 watu walishtuka, wengine kwa furaha. Mastaa walipoingia, mlango ulifunguka kwa majina makubwa: Oprah, Michelle Obama, Beyoncé, Lupita. Kwa hiyo huwezi kusema kwamba mabadiliko yalikuwa hasara tupu kwa mtu mweusi. Ila aliyeingia ni mweusi ambaye tayari dunia inamjua. Binti wa Kondoa au Manyoni mwenye urefu na macho ya kamera, asiye na wimbo wala filamu, mlango wake ulizidi kuwa mwembamba.

Februari 2022 Vogue ya Uingereza, chini ya Edward Enninful aliyezaliwa Ghana, ilitoa jalada la mamodo tisa wenye asili ya Afrika, Adut Akech na Anok Yai wakiwamo. Ilikuwa picha nzuri, na habari ikazunguka dunia nzima. Kinachonifikirisha ni kwamba jarida la mitindo kuweka mamodo kwenye jalada limefikia kuwa habari.

Huku kwetu

Kuna atakayesema haya ni mambo ya Marekani. Sawa, lakini angalia kwetu. Tanzania tulifika kibanda cha pili bila kupitia cha kwanza. Hapa kazi ya umodo peke yake haikuwahi kuwa na mizizi mirefu. Njia ya binti kujulikana kwa sura ilikuwa taji. Nancy Sumari alikuwa Miss Tanzania mwaka 2005, Wema Sepetu mwaka 2006, na katika shindano hilohilo la 2006 alikuwamo Jokate Mwegelo. Sumari akaingia kwenye uandishi wa vitabu vya watoto na shughuli za jamii. Wema akaenda kwenye filamu. Jokate akapita kwenye mitindo na biashara hadi mwaka 2018 akateuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Mkanda wa begani ulikuwa mlango wa kuingilia tu. Karibu kila aliyeingia alitokea upande mwingine. Anayekumbukwa kwa umodo hasa ni kama Flaviana Matata, aliyewakilisha Tanzania kwenye Miss Universe mwaka 2007 akiwa kanyoa kipara na kuingia kumi bora. Naye kazi ya umodo ilibidi aifuate hadi New York.

Magazeti yetu ya udaku nayo yalijua siri hii zamani, bila mhariri wa New York kuwafundisha: hakuna anayetoa hela kwa sura asiyoijua. Na ukitaka kuona mabadiliko yote ndani ya chumba kimoja, ingia kwa kinyozi yeyote wa Chang'ombe. Ukutani kuna bango la zamani lenye vichwa ishirini na kitu vilivyopewa namba. Zamani ulisema "ninyoe namba kumi na nne." Hao ndio waliokuwa mamodo wetu, watu wa namba. Siku hizi kijana anaingia na simu, anafungua picha ya msanii. "Kaka, kama huyu." Bango bado liko ukutani, limefifia, halitazamwi na mtu.

Simu hiyohiyo ndiyo iliyoyageukia majarida. Kwa miaka kadhaa staa alihitaji jalada ili awafikie watu wake. Leo anawafikia akiwa amelala kitandani. Septemba 2018 Beyoncé alipokaa kwenye Vogue, maelezo ya ndani yalitolewa kwa maneno yake mwenyewe, na picha zilipigwa na Tyler Mitchell, kijana wa miaka 23, mpiga picha wa kwanza mweusi kupiga jalada la Vogue ya Marekani. Jarida lilikuwa limefika mahali pa kumpokea staa kwa masharti ya staa. Na InStyle, lile lililozaliwa 1994 kwa wazo la kuuza mitindo kupitia mastaa, lilifunga toleo lake la karatasi mwaka 2022. Mastaa lililowategemea walikuwa wameshafungua meza zao wenyewe.

Je, mamodo watarudi? Baadhi wamerudi, wakiwa wamevaa joho la staa. Kendall Jenner alikuwa kwenye jalada la Vogue la Septemba 2016, na ukiuliza kama ni modo au staa utapata majibu mawili ya kweli: jukwaani anapita kama modo, lakini watu walimjua kwanza kwenye kipindi cha televisheni cha familia yake. Kaia Gerber ni modo, na mama yake ni yule Cindy Crawford wa 1990. Hesabu za wakala wa mamodo siku hizi huanza na urefu, kiuno na idadi ya wafuasi.

Kule saluni maelezo yangu yalifika hapo wakati mama anaoshwa dawa. Alikuwa kachukua jarida moja kwenye fungu, lisilo na jalada maana liko ukutani, na kitaulo shingoni anapekua kurasa za matangazo. Akasimama kwenye tangazo la gauni la rangi ya dhahabu. Lilivaliwa na msichana mweusi, mrefu, na gauni lilimkaa kama limemwagwa.

"Haya," akasema, "na huyu anaitwa nani?"

Tukatafuta, yeye, mimi na msusi. Tulikuta jina la nyumba ya mitindo, majina ya miji mitatu yenye maduka yake, na anwani ya tovuti. Msusi akaugeuza ukurasa, akaukuta upande wa pili ni tangazo la saa.